Tani 340 au tani 60? Namna ya kukagua mwenyewe uzito wa nyangumi wa kale

Agosti 2023 jarida la Nature lilitangaza mifupa ya nyangumi wa kale kutoka Peru, naye akapewa jina Perucetus colossus. Haikuchukua muda picha yake ikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kichwa kidogo, tumbo la kutisha, na maandishi makubwa kwamba huyu ndiye mnyama mzito kuliko wote waliowahi kuishi. Uzito uliotajwa ulikuwa kati ya tani 85 na tani 340. Februari 2024, Ryosuke Motani wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Nicholas Pyenson wa taasisi ya Smithsonian wakapiga hesabu upya kwenye jarida la PeerJ, wakapata tani 60 hadi 70 kwa mnyama wa mita 17. Mwaka 2025 Gregory Paul na Asier Larramendi wakamshusha tena, tani 35 hadi 40. Picha ya WhatsApp ingali inazunguka na tani zake 340.

Hesabu zote tatu zimetoka kwenye mifupa ileile. Kilichobadilika ni mnyama aliye hai ambaye kila kundi lilimuazima vipimo vyake. Ndiyo maana nasema ukikutana na namba kama hizi usianze kubishana na namba yenyewe. Uliza imeazimwa kwa nani. Ukishalipata jibu hilo, kazi iliyobaki ni ya kikokotoo cha simu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu wa biolojia, kwa mwanafunzi wa sekondari anayetaka mradi wa maonyesho ya sayansi usiohitaji maabara, na kwa wale wa barazani Mji wa Kale, Mombasa, ambao kahawa ikishamiminwa hawakosi la kubishania. Unahitaji simu, karatasi, utepe wa fundi cherehani, na asubuhi moja sokoni.

Hatua ya kwanza: hesabu mifupa iliyopo

Kabla ya tani, uliza ni vipande vingapi vilivyopatikana. Perucetus ana pingili 13 za uti wa mgongo, mbavu nne na kipande cha mfupa wa nyonga. Basi. Fuvu hakuna, mikono hakuna, mkia hakuna. Kichwa kidogo unachokiona kwenye picha kimetoka kwa mchoraji, kwa kufuata jamaa zake wa karibu. Mifupa hiyo ilitoka kwenye majabali ya jangwa la Ica, kusini mwa Peru, yenye umri wa takriban miaka milioni 39. Mario Urbina wa makumbusho ya Lima ndiye aliyeigundua, na kuitoa mwambani kulichukua miaka, kwa kuwa pingili moja tu inazidi kilo 100.

Swali la pili: je, mifupa yote ni ya mnyama mmoja? Swali hili lina historia yake. Mwaka 1845 Albert Koch alionyesha New York kiunzi alichokiita Hydrarchos, joka la baharini lenye urefu wa futi 114, yaani karibu mita 35. Watu walilipa kuingia. Wataalamu walipokitazama kwa makini wakakuta ni pingili za nyangumi wa kale aitwaye Basilosaurus, tena za wanyama kadhaa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine hadi urefu ukatosha kiingilio. Basilosaurus halisi hufika mita 15 hadi 18 hivi. Hata jina lake, ambalo maana yake ni mjusi mfalme, ni kosa lililobaki: Richard Harlan alipompa mwaka 1834 alidhani ni mtambaazi, na kanuni za kutoa majina haziruhusu kulifuta.

Perucetus yuko salama hapa. Mifupa yake ni ya mnyama mmoja, na waliomwandika walikuwa wazi kuhusu kilichopo na kisichopo. Sina lawama kwao. Wao wenyewe waliandika 85 hadi 340, masafa mapana mno, wakiweka tani 180 katikati. Waliochukua 340 peke yake ni sisi wasomaji.

Hatua ya pili: nenda sokoni kabla ya kwenda Peru

Hatua hii wengi wataiona ya mchezo, nami nawaomba wasiiruke. Huwezi kujua umbo linabadilisha uzito kiasi gani mpaka uone kwa mizani.

Nenda soko la samaki la Mji wa Kale asubuhi, au bandari yoyote ndogo wanakoshukia wavuvi. Majira mazuri ni kaskazi, kwa maana ndipo jodari wakubwa wanapokuwa wengi. Kusi likivuma mashua ndogo haziendi mbali. Usiende na utepe tu ukaanza kupima mali ya mtu. Salimu kwanza.

"Shikamoo, mzee. Naomba kumpima huyu jodari, sina haja ya kumgusa sana."

"Marahaba. Mpime mwanangu, ila fanya upesi. Wakija mama karanga kununua samaki, hapa hutapata hata pa kusimama."

Pima vitu viwili. Urefu: kutoka ncha ya mdomo hadi pale mkia unapogawanyika. Mzingo: zungusha utepe mahali mwili ulipo mnene kuliko kote, nyuma kidogo ya mapezi ya ubavuni. Utepe utateleza kwa utelezi wa samaki, kwa hiyo ubane kwa kidole gumba upande wa tumbo, uusome ukiwa umelala sawa mgongoni. Kisha subiri samaki apandishwe mizani, uandike kilo.

Sasa tafuta mzia mwenye urefu huohuo. Jodari wa mita moja huwa na kilo 20 hivi, akipungua kidogo au kuzidi. Mzia wa mita moja hafiki nusu yake. Urefu ni mmoja, bahari ni moja, na uzito umepishana zaidi ya mara mbili. Yeyote atakayekuambia "nyangumi wa mita 20" akataja na tani, muulize kama ni mita 20 za jodari au mita 20 za mzia.

Kuna namba moja utakayoihitaji baadaye, nayo uitoe kwa samaki wako mwenyewe. Tuseme jodari ana urefu wa sentimita 100 na mzingo wa sentimita 66. Zidisha mzingo kwa mzingo, ugawanye kwa 12.57, unapata eneo la mkato pale aliponenepa zaidi: kama sentimita mraba 347. Zidisha kwa urefu: 34,700. Huo ndio ujazo ambao angekuwa nao kama angekuwa mnene vilevile kuanzia mdomo hadi mkia, kitu ambacho si kweli, kwani amechongoka pande zote mbili. Mizani inasema kilo 18, sawa na gramu 18,000. Gawanya 18,000 kwa 34,700: 0.52. Namba hii mimi naiita kipunguzo. Inakueleza ni sehemu gani ya ujazo ule inabaki baada ya mwili kuchongoka. Samaki wa umbo la jodari wataangukia kati ya 0.4 na 0.6.

Hatua ya tatu: urefu, na nani aliyeutoa

Pingili 13 hazitoshi kumaliza uti wa mgongo. Zilizobaki lazima zikadiriwe kwa kumtazama ndugu ambaye kiunzi chake kimepatikana karibu kizima. Kwa Perucetus, ndugu hao ni wa jamii ya Basilosaurus, na matokeo yamekuwa kati ya mita 17 na 20 kwa watafiti wa kwanza, na mita 15 hadi 16 kwa Paul na Larramendi.

Ukitaka kuona jinsi ndugu anavyoweza kubadilisha urefu, mtazame Livyatan melvillei, nyangumi mwingine wa Peru, aliyetangazwa mwaka 2010. Huyu alikuwa mwindaji mwenye meno makubwa ajabu, na fuvu lake ni mita 3. Ukimlinganisha na nyangumi wa manii wa leo, ambaye kichwa chake ni kikubwa sana kwa mwili wake, unapata mnyama wa mita 13.5. Ukimlinganisha na ndugu wa kale aitwaye Zygophyseter, mwenye kichwa kidogo zaidi kwa mwili, unapata mita 16 hadi 17.5. Fuvu ni hilohilo moja. Tofauti ya mita nne imeletwa na uchaguzi wa ndugu.

Andika urefu wa chini na urefu wa juu. Usichukue wastani. Utauona umuhimu wake sasa hivi.

Hatua ya nne: kipeo cha tatu

Mnyama akirefuka mara mbili bila kubadili umbo, ananenepa mara mbili pia kwenda juu na mara mbili kwenda upande. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Uzito haukuongezeka mara mbili, umeongezeka mara nane. Kosa dogo kwenye urefu huvimba likifika kwenye tani: kutoka mita 17 hadi 20 ni ongezeko la asilimia 18 tu, lakini uzito unapanda kwa asilimia 63.

Tuwaazime sasa wanyama wawili walio hai.

Wa kwanza ni nyangumi wa buluu. Anayetajwa sana kwenye rekodi ni jike wa mita 27.6 aliyevuliwa Bahari ya Kusini mwaka 1947, tani 190. (Nyangumi wakubwa hivyo hupimwa kwa kukatwakatwa, na damu nyingi hupotea, kwa hiyo namba yoyote ya aina hii ichukue kwa tahadhari.) Gawanya 17 kwa 27.6, unapata 0.616. Ipandishe kipeo cha tatu, yaani 0.616 mara 0.616 mara 0.616: 0.234. Zidisha kwa tani 190: tani 44. Rudia kwa mita 20: tani 72.

Wa pili ni nyangumi mwenye nundu, huyu ambaye hupita mbele ya pwani yetu kati ya Julai na Oktoba akitoka kwenye baridi ya kusini kuja kuzaa. Yeye ni mnene zaidi kwa urefu wake. Chukua mmoja wa mita 14 na tani 30. Kwa mita 17 anatoa tani 54. Kwa mita 20, tani 87.

Jaribu pia mita 15.5. Nyangumi wa buluu anakupa tani 34, mwenye nundu tani 41. Sasa rudi juu usome walichopata Paul na Larramendi. Hesabu ya dakika tano ya simu imeangukia palepale, si kwa sababu sisi ni mabingwa, bali kwa sababu swali lenyewe kwa sehemu kubwa ni la umbo na urefu.

Tani 340 haziko popote karibu hapa. Hata 180 haziko. Kwa hiyo aliyezitaja lazima awe ameingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni mifupa yenyewe.

Hatua ya tano: mifupa mizito, na hesabu ya nguva

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, kwa hiyo tulia.

Mfupa wa nyangumi wa leo ni mwepesi kwa ukubwa wake. Ndani una vitundu vingi vilivyojaa mafuta. Mfupa wa Perucetus ni kinyume kabisa: umeongezewa tabaka kwa nje ukavimba, na ndani vitundu vimezibwa kwa mfupa mwingine. Waliomwandika walikadiria kwamba kiunzi chake kizima kilikuwa na tani 5.3 hadi 7.6, mara mbili au tatu ya kiunzi cha nyangumi wa buluu wa mita 25. Hilo ni jambo kubwa kwelikweli.

Sisi wa pwani tunamjua mnyama mwenye mifupa ya aina hiyo: nguva. Ubavu wa nguva ukikatwa, hukuti uwazi wa uboho ndani. Ni mfupa mtupu, mzito mkononi. Sababu yake inaeleweka. Nguva hula nyasi za baharini kwenye maji ya kina kifupi, na mapafu yake yaliyojaa hewa yangemwinua juu kila mara. Mifupa ile ndiyo inayomshikilia chini. Tena tafadhali, hatua hii fanya kwa karatasi: nguva waliobaki Kenya ni wachache mno na wanalindwa na sheria, usimwambie mvuvi akutafutie ubavu.

Watafiti wa mwaka 2023 walikwenda hivi: kiunzi ni kizito, na tunajua kwa wanyama wa leo kiunzi ni asilimia fulani ya mwili, basi tuzidishe tupate mwili. Walitumia nyangumi, nguva na manatii, ambaye ni binamu wa nguva wa upande wa Atlantiki. Sasa chukua namba zao uzigeuze. Tani 7.6 kati ya 340 ni asilimia 2.2. Tani 5.3 kati ya 85 ni asilimia 6.2. Kwa hiyo ili ufike tani 340, ni lazima ukubali kwamba mnyama aliyejazwa mifupa kuliko wote alikuwa na kiunzi cha asilimia mbili tu na kidogo ya mwili wake.

Hapo ndipo Motani na Pyenson walipotia mkono. Hoja yao, kwa lugha ya nyumbani: mnyama akiongezewa mifupa, nyama haiongezeki kwa kipimo kilekile. Mifupa inachukua sehemu kubwa zaidi ya mwili kuliko kawaida. Huwezi kutoa asilimia kwa mnyama mwenye mifupa ya kawaida ukamvika mwenye mifupa iliyovimba. Jaribu mwenyewe: weka asilimia 10 kama mfano. Tani 5.3 zinatoa mwili wa tani 53, na tani 7.6 zinatoa 76. Umesharudi kwenye jirani ya 60 hadi 70, na umefika bila kuazima umbo la mnyama mwingine.

Njia mbili tofauti zikikutana mahali pamoja, hapo naanza kuziamini. Njia moja ikiwa peke yake huko juu kwenye 340, hata kama imechapishwa kwenye jarida la heshima, naiweka pembeni.

Hatua ya sita: muulize mnyama kama angeweza kuishi

Namba ikipita hatua zote bado ina mtihani mmoja. Ipeleke majini.

Maji ya bahari yana uzito wa tani 1.025 kwa kila mita ya ujazo, na mnyama anayeelea vizuri ana msongamano wa karibu na huo. Chukua tani 340, gawanya kwa 1.025: mita za ujazo 332. Gawanya kwa urefu wa mita 20: mita mraba 16.6 za mkato, kwa wastani. Sasa tumia kipunguzo. Samaki wako alitoa 0.52, lakini mimi hapa nitaweka 0.6, kwa makusudi, maana namba kubwa inamfanya mnyama awe mwembamba na kuisaidia hoja ya wanaomtaka mzito. Gawanya 16.6 kwa 0.6: mita mraba 27.6. Huo ni mwili wenye kipenyo cha karibu mita 5.9. Mnyama wa mita 20 kwa urefu na mita sita kwa unene, mwenye kichwa kidogo, anayesemekana kuishi kwenye maji ya kina kifupi! Kwa tani 180 kipenyo ni mita 4.3, ambacho bado kinazidi cha yule nyangumi wa buluu wa tani 190, aliyekuwa mrefu kuliko yeye kwa zaidi ya mita saba. Kwa tani 60 na mita 17 kipenyo ni mita 2.7, na hapo mnyama anaanza kuonekana kama nyangumi.

Mtu atasema: hapana, hakuwa mnene, alikuwa na umbo la kawaida ila mzito kwa sababu ya mifupa. Haya. Umbo la nyangumi wa buluu kwa mita 20 lilitupa tani 72, sawa na ujazo wa mita 70 hivi. Tia tani 180 ndani ya mita za ujazo 70, unapata tani 2.57 kwa kila mita ya ujazo. Mfupa mgumu wenyewe ni tani 2 hivi. Kwa hiyo umetengeneza mnyama ambaye mwili wake wote, nyama na mafuta na mapafu, ni mzito kuliko mfupa mtupu. Motani na Pyenson walisema waziwazi kwamba mnyama wa uzito uliotajwa mwanzo angeshindwa kukaa juu ya maji, na hata kuinuka kutoka sakafu ya bahari kungemtaka aogelee bila kupumzika. Nyangumi anavuta hewa kama mimi na wewe. Asiyeweza kupanda juu amekwisha.

Mtihani huu naupenda kuliko yote kwa kuwa hauhitaji kujua jina la mfupa hata mmoja.

Hatua ya saba: kagua vipimo vya uzito vyenyewe

Fupi hii. Maandishi ya Marekani mara nyingi hutumia tani ya ratili 2,000, ambayo ni kilo 907. Tani yetu ni kilo 1,000. Ukiona 200 mahali pamoja na 180 mahali pengine kwa mnyama mmoja, huenda hakuna ugomvi wowote, ni kipimo tu kimebadilika. Futi pia zigeuze mapema, 0.305 kwa kila moja.

Hatua ya nane: andika jibu lako

Jibu zuri lina sehemu tatu: urefu ulioutumia, mnyama uliyemuazima, na masafa ya tani. Kwa mfano: "Kwa mita 17, umbo la nyangumi wa buluu hadi la mwenye nundu, tani 44 hadi 54, kwa mita 20, tani 72 hadi 87." Motani na Pyenson walifanya hivyo hivyo: walitoa tani 60 hadi 70 kwa mita 17, na wakaongeza kwamba akiwa wa mita 20 angeweza kufika tani 98 hadi 114. Wamezidi zetu kwa kama theluthi moja, na ni haki yao, kwani wao walimjenga mnyama kwa kompyuta, sisi tumemkuza na kumpunguza tu. Anayekunukulia "60 hadi 70" bila mita 17 amekupa nusu ya habari, sawa na yule wa 340.

Mwanafunzi akiweka namba moja kavu kwenye bango la maonyesho, mwamuzi anayeijua kazi yake atauliza "umeitoa wapi?" na mradi utaishia hapo. Chora badala yake mstari wa tani 0 hadi 350, uweke vipande vitatu vya rangi: cha 2023, cha 2024, cha 2025. Chini yake weka cha kwako. Mtu yeyote ataona kwamba kipande cha kwanza ni kirefu kuliko vingine vyote vikiunganishwa, na kwamba kilianzia 85, mahali ambapo watu hawakupatazama.

Zoezi la kwetu

Ukishaizoea njia hii, iache Peru ujaribu Kenya. Mwaka 1964 msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulipata Loperot, magharibi mwa Turkana, mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu aliyeishi miaka milioni 17 iliyopita. Mabaki yenyewe ni sehemu ya mdomo na taya. Yalipotea kwenye hifadhi kwa miongo, yakaonekana tena mwaka 2011, na mwaka 2015 yakatumika kueleza lini ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuinuka, kwani yalipatikana kilomita 740 kutoka baharini na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Inadhaniwa nyangumi huyo alipanda mto, akapotea njia, akafia bara. Urefu wake ulikadiriwa mita 7 hivi.

Ndugu yake wa leo wa kumuazima ni nyangumi wa Cuvier, ambaye akiwa na mita 6 huwa na tani mbili na nusu hivi. Saba gawanya kwa sita, kipeo cha tatu, zidisha kwa 2.5. Simu yangu inasema karibu tani 4. Ukipata 40, umesahau nukta.